Amri ya Kufukia Chemchemi

Vita vya nyati na tembo vilikuwa vinaelekea mwisho, na nyati walikuwa wanashindwa; kila mnyama alitaka amani isipokuwa Mfalme Nyati. Madume wake karibu wote walikuwa wamekufa vitani, naye sasa alipeleka ndama ambao hawajaota hata pembe. Mwenyewe alikaa pangoni.

Ngiri ndiye aliyemchimbia mahandaki, na tangu vita vianze hakuwahi kukataa amri. Siku moja Mfalme alimwita.

“Nenda ukaifukie chemchemi. Tembo wakifika wasikute hata tone.”

“Sawa, Mfalme. Lakini ndama wetu watakunywa nini?”

“Walioshindwa hawahitaji maji.”

Ngiri akaenda. Pale chemchemini alimkuta nyati jike akimsukuma taratibu mwanawe aliyejeruhiwa, ili mdomo wake uyafikie maji. Ngiri aliwatazama kwa muda mrefu. Kisha akaanza kuchimba, akaushusha ukingo ili wadogo wafike bila shida.

Walinzi wa Mfalme walipokuja kukagua, aliwaambia, “Kazi hii siiwezi. Anayeiweza na aanze.”

Hakuna aliyeanza.

Tembo walishinda. Walimtoa Mfalme pangoni, wakampitisha chemchemini akiwa amekonda na ulimi umemkauka. Akayakodolea macho maji.

“Si niliamuru yafukiwe?”

“Uliamuru,” Ngiri akajibu.

Mfalme aliinamisha kichwa chake kikubwa, na wale ndama wachache waliobaki wakasogea, wakampa nafasi anywe.