Sale Lenye Fundo

Kaanaeli alichuma jani la sale mpakani mwa kihamba chake cha migomba, akalifunga fundo kama mama yake alivyomfundisha, akalipiga picha. Kwao Meru, ukiletewa sale lenye fundo unasamehe, hata kama damu ilimwagika.

Wanawe wawili hawakuwa wakisalimiana tangu uchaguzi, mkubwa akiwa wa chama tawala, mdogo wa upinzani. Mkubwa yuko Dar, mdogo Kimandolu, na kilichobaki kati yao ni matusi kwenye grupu la familia.

Akaituma picha humo. Akakaa juu ya ndoo aliyoipindua chini ya migomba, akingoja.

Mdogo ndiye aliyetangulia kujibu. "Mama, hata wewe wamekuvalisha kijani?"

Kaanaeli akalitazama jani. Kweli, lilikuwa la kijani. Miaka yote hiyo hakuwahi kuiona rangi yake.

Akaanza kuandika. Kidole kilichokomazwa na jembe kikakosea herufi, akafuta, akaanza upya: "Mwanangu, hilo ni sale..."

Mkubwa akamuwahi. "Safi sana, mama! Kijani juu!"

Maandishi madogo yakatokea: mdogo ametoka kwenye grupu.

Kaanaeli alikuwa bado amelishika jani kwa mikono miwili, kama anayelikabidhi kwa mtu.