Kola ya Uzi Mwekundu

"Fundi, hebu tuambie. Shati hili ni lenu au si lenu?"

Lilikuwa mikononi mwangu, bado bichi. Nililianika uani asubuhi. Nikageuza kola: uzi mwekundu kwa ndani, maana siku nilipomshonea mume wangu, uzi mweupe uliniishia, naye akasema potelea mbali, nani ataona?

Yule bwana waliyemkamata nalo kichochoroni walikuwa wamempigisha magoti mbele ya cherehani yangu. Mdomo umepasuka, kiatu kimoja hakipo. Majirani walimzunguka na mawe. Mwezi huu tumeibiwa sufuria, ndoo, hata mlango wa choo! Hasira yao ni yangu pia.

"Arobaini zake zimefika!" akafoka muuza mkaa. "Sema tu, mama, tummalize!"

Tone la damu likadondoka kutoka kidevuni mwa yule bwana, likatua mguuni pangu. Lilikuwa la moto.

"Ni lake," nikasema. "Nilimshonea mimi. Mwachieni."

Wakatazamana. Kisha wakampisha mtu aliyetoka nyuma: mume wangu, jiwe mkononi.

Akanyoosha mkono mwingine, akaigeuza kola.