Lango la Nungunungu

Kanga, Digidigi na Nungunungu walikubaliana kuwa mji mmoja, wakang'oa nyua zote baina yao. Ila Nungunungu, mpenda makuu, aliacha lango lake limesimama peke yake uwanjani.

"Atakayekuja kwangu apige hodi mara tatu, angoje aitikiwe."

"Lango bila ua, bwana?" Kanga akacheka.

"Ndiyo heshima yangu."

Basi wakazoea. Siku moja nyumba ya Nungunungu ikashika moto. Majirani wakaja mbio na ndoo za maji, wakasimama langoni.

"Hodi!"

"Piteni pembeni, jamani, naungua!"

"Tukuvunjie heshima, mzee?" Digidigi akasema. "Hodi!"

Hodi ya tatu ikaenda na paa la nyumba.

Jioni Kanga alimpikia uji. Kuni alizileta Nungunungu mwenyewe: lile lango.