Mikono Ndani ya Khanga

Nesi alipomgeuza mtoto ili amfute, Zulekha akaona baka. Lilikuwa juu kidogo ya makalio, bluu iliyochanganyika na kijivu, kubwa kama kiganja cha mtu.

"Nani kamfinya?" akauliza.

"Amfinye nani, jamani, katoka tumboni sasa hivi!" Nesi akacheka. "Hii si damu iliyovilia, dada. Watoto wengi tu wanazaliwa nayo. Itafutika yenyewe akikua."

Zulekha hakucheka. Baka kama hilo hilo alikuwa nalo mtoto wake wa kwanza. Siku alipoliona, alimpokonya mama yake mtoto, beseni likiwa bado na maji, akamwambia mbele ya wakwe: "Mikono yako inaumiza, mama. Usimguse tena." Bibi ndiye huogesha mjukuu siku arobaini. Yeye aliogesha nne tu.

Mlango ukagongwa. Mama yake, Bi Mwanakombo, akaingia na chupa ya uji wa pilipili manga, akaiweka mezani, akarudi kusimama mlangoni.

"Hongera, mwanangu. Kunywa ungali moto."

"Mama, njoo umpakate."

"Namwona vizuri tu kutoka hapa."

Zulekha akamfunua mtoto, akamgeuzia mgongo mlangoni, baka likaonekana lote. "Mama, tazama. Hakuna aliyemgusa."

Bi Mwanakombo akatazama. Akatazama sana. Mikono yake ilikuwa ndani ya khanga, na khanga ikaanza kutikisika.