Doa Nyuma ya Bibi Harusi

Lilikuwepo tena, doa jeusi dogo kama punje ya mtama, kwenye maji nyuma ya bibi harusi. Noela alilifuta kwenye kompyuta, akafungua picha iliyofuata, akalikuta na humo. Alisonya. Alimsonya mumewe, ingawa mumewe hakuwepo.

Vumbi la Babati mwezi wa tisa halina adabu. Linaingia kwenye sukari na kwenye kitanda cha Fabiola, mtoto wa Noela, sembuse kwenye kamera iliyoachamishwa mdomo kando ya ziwa. Noela aliyajua masharti yote ya kubadilisha lenzi nje: zima kamera, upe upepo mgongo, mdomo wa kamera uangalie chini, lenzi ya pili iwe tayari mkononi. Tena siku zote alikuwa na Sosthenes. Mumewe alikuwa mvuvi, lakini kila Jumamosi yenye harusi aliacha nyavu akamfuata, na lenzi ilipotakiwa kubadilishwa, alivua koti akalitandaza juu ya mkewe kama kuku anayefunika vifaranga. Wapambe walicheka, naye hakujali.

Jumamosi ile hakwenda. Asubuhi alimwomba Noela amfundishe naye kupiga picha, wafanye kazi pamoja. Noela alikuwa na haraka, na majirani walikuwa wanasikia.

"Wewe kazi yako ni kushika koti," alimwambia.

Sosthenes alimaliza chai yake kwanza. Kisha akasema bora aende Mererani kuchimba madini kama wanaume wengine, akabeba nyavu, akatoka. Noela alitaka kumwita, akaona aibu.

Kwa hiyo pale ziwani alibadilisha lenzi peke yake, upepo ukivuma, huku Devota, bibi harusi, akiwahimiza watu wapange mstari kabla jua halijazama. Alipoliona doa kwenye picha hakushangaa. Koti halikuwepo, vumbi limeingia.

Sosthenes hakurudi nyumbani. Simu yake haikupatikana. Jumapili mtumbwi wake ulionekana kwenye matete, hatua chache kutoka barabarani, na wengi wakasema ameuacha pale akapanda basi. Wavuvi wenzake wawili walifika mpaka nyumbani kwa Noela, Maisaka, kuuliza kama waingie ziwani wamtafute. Noela aliwaambia wasijisumbue, mume wake ameenda Mererani, mwenyewe ametamka. Alisema kwa ukali ili wasimwone akilia.

Tangu hapo simu haikutoka mkononi mwake. Alikuwa anataka kitu kimoja tu duniani: Sosthenes apige, ili amwombe msamaha, amwambie arudi, atamfundisha kamera hata kesho. Simu iliita mara nyingi. Alikuwa Devota, anauliza picha zake.

Jumanne, alipomaliza kufuta doa la mwisho, aliipeleka kamera kwa Wilbert, mpiga picha wa siku nyingi mwenye kibanda karibu na stendi, aliyemfundisha kazi.

"Shikamoo, Baba Jovita. Vumbi limeingia ndani, naomba unisafishie."

Wilbert aliitikia marahaba, akafungua kamera, akakimulika kwa tochi kile kioo cha ndani kinachoshika picha. Hakugusa kitu. Akaifunga, akapiga picha ya ukuta mweupe, akaitazama kwa muda mrefu.

"Mbona ni safi, Mama Fabiola? Hakuna hata chembe."

Noela alisema haiwezekani, amefuta madoa siku mbili nzima. Mzee akaomba kuziona picha zenyewe kabla hazijaguswa. Zilikuwa bado kwenye kadi. Akaanza kuzipitisha moja moja, taratibu, miwani ikiwa puani.

"Vumbi likishakaa kwenye kioo halihami," alisema. "Litakuwa sehemu ileile kwenye kila picha. Hili lako linatembea."

Noela alisogea, akaikuza picha ya kwanza. Lilikuwa mtumbwi, mbali katikati ya ziwa, na ndani yake mwanamume amesimama anavuta nyavu, mguu mmoja mbele, kiuno kimepinda kidogo upande wa kushoto. Hakuna mtu mwingine Babati anayesimama hivyo. Furaha ilimpanda mpaka machozi yakamtoka: alikuwa hapa, hakumkimbia, alikuwa hapa siku ile ile.

"Endelea, Baba Jovita," alisema.

Kwenye picha ya tisa mtumbwi ulikuwa mtupu, na kando yake mikono miwili ilikuwa juu ya maji. Kwenye ya kumi, ile ambamo Devota anacheka na ambayo Noela aliisafisha vizuri kuliko zote, ulikuwepo mtumbwi peke yake.