Mtu wa Tatu

Saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi, taa ya jikoni iligeuka njano. Maana yake watu wawili nyumbani walikuwa wamemtii Zulfa, mwenye miaka saba, bila kulazimishwa. Baba yake aliweka chini chai aliyoambiwa na Zulfa kuwa bado ni ya moto, na bibi yake akapunguza sauti ya redio. Akitii mtu wa tatu, mtoto huchukuliwa siku hiyohiyo na Chuo cha Viongozi. Hakuna aliyewahi kurudi.

Alibaki mama yake, Stamili, ambaye kwa mwezi mzima alikuwa akimkatalia kila neno.

“Mama, mbona mikono inakutetemeka?”

“Kunywa uji wako.”

“Kaa kidogo. Utaangusha sufuria.”

“Sikai. Tangu lini wewe ukanikalisha mimi?”

Zulfa hakubishana. Alivuta kiti, akakifuta uji uliokuwa umekimwagikia, akasimama pembeni.

“Nimekufutia,” alisema taratibu. “Hujalala tangu juzi, mama.”

Saa moja na dakika kumi na tisa, Stamili alikaa. Taa ikawa ya kijani.