Fungo na Matopetope Yake

Hapo kale, wanyama walipokuwa na bustani zao, Fungo alikuwa na mtopetope mmoja. Mama yake alikuwa mgonjwa, hana meno, na tunda hilo laini ndilo pekee aliloweza kumeza. Basi Fungo hakutulia. Alitundika makopo matawini, akamtimua Kindi kila alipomwona, na kila mara alipanda kuyaminya matopetope ajue kama yameiva.

Asubuhi moja akayakuta yameoza.

"Umeyaharibu wewe!" akamfokea Kindi. "Sasa mama atakula nini?"

"Shoga, sijagusa hata moja," Kindi akajibu. "Tazama hizo alama. Si za kucha zako?"

Fungo akatazama, akalia.

"Nyamaza. Limebaki moja kwenye ncha ya tawi jembamba, hukulifikia. Wewe mzito, mimi mwepesi. Nikuchumie?"

Fungo akasogea kando, akampisha. Kindi akapanda, akarudi na tunda zima, limeiva vizuri, akamkabidhi. Vidole vilimwasha Fungo aliminye kidogo tu. Lakini akalibeba viganjani, polepole, mpaka kitandani kwa mama yake.